Namna ya Kumaliza Mfululizo Mrefu wa Fantasia Bila Kuachia Njiani

Kila ninapokutana na wapenzi wa fantasia ya vijana, yaani hadithi za dunia za kubuni zenye uchawi, kilio ni kilekile. Juzuu ya kwanza ilisomwa usiku na mchana. Ya pili ikaanzwa kwa pupa, ikafika ukurasa wa 80 au 90, kisha ikalala kando ya kitanda mpaka vumbi likaivaa. Mwenye kitabu anaanza kujiita mvivu.

Si uvivu. Ni watu walewale waliomeza kurasa 400 kwa siku tatu. Kilichowaangusha ni kupoteza uzi: jina limesahaulika hapa, kiapo kimesahaulika pale, na sasa wahusika wanalia juu ya kaburi ambalo msomaji hakumbuki limemzika nani. Riwaya ya maisha ya kawaida humsamehe msomaji aliyesahau, maana mji, shule na ndoa anavijua tayari. Fantasia haina msamaha huo. Dunia yake yote unaijua kwa kuambiwa na kitabu hicho peke yake.

Hatua zifuatazo ni za kuushika uzi huo tangu juzuu ya kwanza hadi ya mwisho. Zifuate kwa mpangilio wake, na usiruke ya 4 wala ya 5. Wengi huziruka hizo mbili, wakakwama palepale walipokwama mwanzo.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Orodha ya juzuu zote za mfululizo na mwaka wa kila moja. Mara nyingi imechapishwa kwenye kurasa za mwanzo au za mwisho za kitabu.
- Juzuu mbili za kwanza mkononi. Ukiwa na moja tu, pengo la kuitafuta ya pili ndilo litakalokupoza.
- Daftari dogo linaloingia ndani ya kitabu bila kukivimbisha.
- Penseli. Kalamu haifai, kwa kuwa adui wa sura ya 4 aweza kuwa kaka wa damu kufikia sura ya 20, na utataka kufuta.
- Vipande vitatu vya karatasi: kimoja cha mahali ulipofika, kimoja cha ukurasa wa ramani, kimoja cha orodha ya majina kama ipo.
- Nusu saa kila siku, simu ikiwa chumba kingine.

Anayesoma kwenye simu au kishikwambi atumie alamisho badala ya karatasi. Anayesikiliza kitabu cha sauti aandike majina kama anavyoyasikia, asihangaike na tahajia. Daftari la karatasi wote wanalihitaji.

## Hatua ya 1: Jua mfululizo wako ni wa aina gani

Kuna aina tatu, na kila moja inakuahidi kitu tofauti.

Ya kwanza ni hadithi moja iliyokatwa vipande. *The Lord of the Rings* ya J. R. R. Tolkien iliandikwa kama hadithi moja, ikatolewa kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955. Ukifika mwisho wa kipande cha kwanza ukategemea hitimisho, utavunjika moyo bure. Hakuna hitimisho pale, kuna njia panda.

Ya pili ni ile ambayo kila juzuu ina fumbo lake linalofumbuliwa mumo humo, huku vita kubwa ikisukwa chini kwa chini. Juzuu saba za *Harry Potter*, zilizotoka kati ya 1997 na 2007, ziko hivyo. Hapa unaweza kupumzika kati ya juzuu na juzuu bila kuumia sana.

Ya tatu ni dunia moja yenye watu wengi na milango mingi. *Discworld* ya Terry Pratchett ina riwaya 41, na hakuna sababu ya kuanzia ya kwanza. Msomaji kijana anaweza kuingilia *The Wee Free Men* ya 2003, ya kwanza kati ya tano zinazomfuata msichana mmoja, Tiffany Aching, na akaridhika kabisa.

Kwa nini ujisumbue na hili? Kwa sababu wengi huacha wakidhani kitabu kimewasaliti, kumbe wao ndio walidai kitu ambacho kitabu hakikuahidi. Hatua hii imekamilika pale unapoweza kusema kwa sentensi moja: "Mwisho wa juzuu hii nitapata jibu la jambo hili, na jambo lile litabaki wazi."

## Hatua ya 2: Soma kwa mpangilio wa kutoka

Utashauriwa kusoma kwa mpangilio wa matukio, yaani uanze na juzuu inayosimulia mambo ya kale zaidi. Kwa usomaji wa kwanza, kataa.

Chukua mfano wa mfululizo wa Narnia. C. S. Lewis alitoa vitabu saba kati ya 1950 na 1956. *The Magician's Nephew*, kinachosimulia kuzaliwa kwa dunia ile, kilitoka 1955 kikiwa cha sita, lakini matoleo mengi ya siku hizi hukipa namba 1. Sasa fikiria kitabu cha 1950: msichana anapita katikati ya makoti ndani ya kabati, anahisi theluji chini ya miguu, na mbele yake katikati ya msitu kuna nguzo ya taa inawaka. Nani aliiweka pale? Hakuna anayejua. Swali hilo linakufuata kitabu baada ya kitabu. Jibu lipo kwenye kile cha 1955, nami sitalisema hapa. Ukianza nacho, nguzo ile inageuka kuwa taa tu.

Mwandishi anayerudi nyuma kusimulia yaliyotangulia huandika akijua msomaji wake amekwisha kuyajua yaliyofuata. *The Hunger Games* ina juzuu tatu za 2008, 2009 na 2010, kisha mbili za 2020 na 2025 zinazorudi miaka ya nyuma. Hizo mbili zinakuchoma kwa sababu unajua wahusika wanaelekea wapi. Ukizitanguliza, hazichomi.

Tahadhari: hadithi fupi za kando, zile zinazotoka katikati ya juzuu kubwa, ziweke mwisho. Mara nyingi ni zawadi kwa aliyekwisha wapenda wahusika, na katikati ya safari zinapunguza kasi.

## Hatua ya 3: Kurasa 50 za kwanza zisome kwa mkao mmoja

Usianze fantasia kwenye foleni, wala dakika kumi kabla ya kulala. Kurasa za mwanzo ndizo nzito kuliko zote: majina ya falme, vyeo, miezi, wanyama wasiokuwepo. Ukizisoma kwa vijikurasa vitano vitano, kila siku utaanza kama mgeni.

Neno geni ukiliona mara ya kwanza, lipite. Mara ya pili, linyooshee kidole. Likirudi mara ya tatu, ndipo uliandike. Mwandishi mzuri hatakuacha gizani kwa neno muhimu. Atalirudia mpaka likukae. Yale yasiyorudi yalikuwa rangi ya ukutani.

Na hapa sikiliza vizuri: usitafute jina la mhusika kwenye intaneti, hata kama unataka kujua tu linatamkwaje. Kisanduku cha kutafutia kinamalizia maneno chenyewe, na neno linalofuata jina la mhusika mpendwa mara nyingi ni "kifo". Uhondo wa juzuu nne unaondoka kwa sekunde moja, na hakuna wa kukurudishia. Orodha za majina mwishoni mwa kitabu nazo zisome kwa jicho moja, maana baadhi hutaja nani ni mtoto wa nani kabla hadithi haijasema.

Umefanikiwa ikiwa, baada ya kurasa 50, unaweza kutaja mtu mmoja anayetaka kitu, na kinachomzuia. Mengine yatajipanga.

## Hatua ya 4: Fungua daftari lenye kurasa nne

Hapa ndipo penye roho ya mwongozo wote, na nitaeleza kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa juzuu ya tatu ya mfululizo mmoja nilioupenda mno. Baraza limekaa, wakuu wanabishana, mlango unafunguliwa na bibi mzee anaingia akiwa na ufunguo shingoni. Ukumbi mzima unanyamaza. Malkia anainuka kitini. Mwandishi ametumia ukurasa mzima kwa ukimya ule. Nami sikuhisi chochote. Sikujua bibi yule ni nani. Nilisoma kurasa tatu zaidi, nikakifunga kitabu, na sikukigusa kwa mwaka mzima.

Niliporudi kuanza upya, nilimkuta kwenye sura ya 2 ya juzuu ya kwanza. Alikuwa akiuza mishumaa kando ya daraja. Alimpa mtoto mshumaa bure, akagusa ufunguo wake, akasema, "Utanilipa siku nikihitaji mlango." Mistari minne tu. Mwandishi aliipanda mbegu ile juzuu mbili nzima kabla ya kuivuna, na mimi niliikanyaga.

Tangu siku ile daftari langu lina kurasa nne kwa kila mfululizo.

Watu. Usiandike mwonekano na mavazi. Andika mtu anataka nini na anaficha nini. "Mlinzi wa lango, mrefu, mvi" haitakusaidia kitu baada ya mwezi. "Mlinzi wa lango: alimwacha mtoto apite, hakusema kwa nini" itakusaidia hata baada ya mwaka.

Uchawi. Andika mambo matatu: unafanya nini, unagharimu nini, na nani hawezi kuutumia. Gharama ndiyo muhimu. Kama kila mwito wa moto unamlia mchawi siku moja ya uhai wake, basi siku atakapowasha taa ili mdogo wake asiogope giza, wewe peke yako utajua amemfanyia nini.

Ahadi. Unabii, kiapo, deni, silaha iliyotundikwa ukutani, barua isiyofunguliwa, mtu aliyedhaniwa amekufa lakini maiti yake haikuonekana. Kila kimoja mstari mmoja, na namba ya ukurasa. Ukurasa huu ndio uliookoa usomaji wangu. Bibi wa mishumaa angekuwa hapa.

Maswali. Yale yanayokuwasha wewe, hata kama ni ya kitoto. Kwa nini hakuna ndege kwenye mji ule? Mbona mfalme halali? Kuna siku nyingi nimerudi kitabuni kwa ajili ya swali moja la namna hii tu.

Tahadhari mbili. Usiandike huku unasoma, utaua mwendo. Andika ukishafunga kitabu, mistari isiyozidi mitano kwa kikao. Na usijaribu kuandika kila kitu. Daftari likianza kufanana na kazi ya darasani, utalichukia pamoja na kitabu chake.

Kipimo cha mafanikio: mhusika aliyepotea kwa kurasa 150 akirudi, unamtambua kabla mwandishi hajamtaja jina.

## Hatua ya 5: Siku unayomaliza juzuu, andika muhtasari kabla ya kulala

Siku ileile, wala si kesho. Kesho utakumbuka kilele na kusahau hali ya mambo ilivyoachwa, na hali hiyo ndiyo utakayoihitaji.

Sentensi kumi zinatosha. Nani yuko hai na yuko wapi. Nani anajua siri gani, na nani haijui bado. Kitu muhimu kiko mikononi mwa nani. Ahadi zipi hazijatimizwa. Mwisho kabisa, nakili aya ya mwisho ya kitabu kwa mkono wako, neno kwa neno. Kitendo hicho cha kunakili kinakurudisha kwenye sauti ya mwandishi upesi kuliko muhtasari wowote.

Mapengo kati ya juzuu si madogo. *Akata Witch* ya Nnedi Okorafor ilitoka 2011, ya pili ikafuata 2017 na ya tatu 2022. Ursula K. Le Guin alitoa kitabu cha tatu cha mfululizo wake wa Earthsea mwaka 1972. Cha nne, *Tehanu*, kilitoka 1990, miaka 18 baadaye. Trilojia (mfululizo wa juzuu tatu) ya Tomi Adeyemi ilianza 2018, juzuu ya pili ikaja mwaka uliofuata, na ya tatu ikasubiriwa hadi 2024. Wapo waliongoja kwa miaka, wakaifungua juzuu mpya kwa shangwe, na ndani ya sura mbili wakawa hawaelewi kitu.

Watu huniambia, "Nitasoma upya zile za nyuma kwanza." Ukiweza, soma, ni raha kubwa. Lakini nimeona wengi waliojiwekea sharti hilo wakaishia kutosoma ya zamani wala mpya. Muhtasari wa ukurasa mmoja haukuzuii kusoma upya; unakupa njia siku ambayo huna muda.

## Hatua ya 6: Ivuke juzuu ya kati

Huku ndiko kwenye makaburi ya wasomaji. Juzuu ya kwanza ilibebwa na ugeni wa dunia. Ya pili haina ugeni huo. Tena mwandishi huwatenganisha marafiki, mmoja kaskazini, mwingine gerezani, na kuongeza wasimulizi ambao hukuwaomba.

Kwanza, hesabu kwa vikao, si kwa juzuu. Trilojia yenye kurasa 400 kila juzuu ni kurasa 1,200. Kwa kurasa 25 kwa siku ni siku 48. Mlima ule uliokutisha umekuwa mwezi mmoja na nusu wa nusu saa au zaidi kidogo kila jioni.

Pili, usiishie mwisho wa sura. Najua ndivyo tulivyozoea. Lakini katika riwaya ya wasimulizi wengi, sura inayofuata huanza na mtu mwingine mahali pengine, na kesho yake unajikuta umesimama nje ya mlango uliofungwa. Vuka uingie kurasa mbili za sura mpya, ndipo uweke alama. Kesho utakuta mlango uko wazi.

Tatu, msimulizi usiyempenda usimruke. Mara nyingi yeye ndiye anayebeba ahadi ambayo mpendwa wako ataihitaji mwishoni. Msome kwa haraka zaidi, kwa sauti kama uko peke yako, ila msome.

Na usisome mifululizo miwili yenye falme na majoka kwa wakati mmoja. Majina yataingiliana. Ukihitaji kupumzisha kichwa, chukua mashairi au kitabu cha mambo ya kweli.

### Kama umekwama tayari

Huna daftari, na juzuu ya pili imelala miezi sita? Usianze mwanzo wa juzuu ya kwanza. Soma sura zake tatu za mwisho tu, andika muhtasari wa Hatua ya 5 kwa kadiri unavyokumbuka, kisha rudi kwenye juzuu ya pili uanzie sura moja nyuma ya alama yako. Mara nyingi kikao kimoja kinatosha kuwasha moto.

Moto usipowaka, jipe kipimo cha mwisho. Fika nusu ya juzuu ya pili, utazame ahadi ulizoandika kwenye muhtasari wako. Kama hakuna hata mstari mmoja ambao unatamani kuona ukitimizwa, kirudishe kitabu rafuni kwa amani. Umekisoma kwa haki, hakikuwa chako.

## Hatua ya 7: Iandalie juzuu ya mwisho nafasi

Kabla hujaifungua, soma daftari lako lote. Ni dakika ishirini. Weka alama kwenye kila ahadi ambayo bado iko wazi, na kadiri unavyosoma, ikitimizwa ikate kwa penseli na uandike ukurasa. Utaanza kuona jinsi mwandishi alivyokuwa akiyafunga mafundo tangu mbali, na kwa kweli hakuna raha ya kusoma ninayoifahamu inayoishinda hiyo.

Kurasa 100 za mwisho zitengee mchana mzima usio na miadi. Zikikatwakatwa kati ya shughuli, vifo na maagano vinakosa uzito.

Usianze mfululizo mwingine usiku huohuo. Subiri siku mbili tatu, kisha rudi kwenye juzuu ya kwanza usome sura ya kwanza na ya pili, basi. Uwe na penseli mkononi. Pale utamkuta mtu uliyempita bila kumwona, anauza kitu kando ya daraja, na jina lake hukuliandika.